Mashine Zilizomngoja Mgeni

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa mkufunzi katika chuo kimoja cha Eastlands, upande wa mashariki wa jiji, mwendo mfupi kutoka Jogoo Road. Chuo kilikuwa na idara kadhaa, na yangu ilikuwa ile ya ualimu, iliyowaandaa vijana kufundisha madarasa ya chini ya shule za msingi. Nilifundisha sayansi. Kwa kuwa nilitembea na bisibisi mkobani, na redio ya chumba cha walimu ilipokataa kusema mimi ndiye niliyeifungua, wenzangu walinibandika jina la Fundi. Kwa hiyo habari zilipokuja kutoka wizarani kwamba idara yetu itapewa vifaa vya kisasa, na kwamba tueleze mahitaji yetu, mkuu wa chuo hakutafuta mbali.

"Wewe ndiye unajua nyaya," aliniambia. "Tupangie. Tunahitaji nini, tutaweka wapi, nani ataangalia. Lakini usiwaulize walimu sana, watakuomba hata ndege."

Niliwauliza. Watu wengi hudhani kupanga vifaa ni kuandika majina ya mashine kisha kupiga muhuri. Kama wewe ni mwalimu na umetupiwa kazi ya namna hii, usiogope, lakini usianze na mashine. Anza na kazi. Mwenzangu wa jiografia alinijia akitaka projekta. Nikamwuliza ni kitu gani wanachuo wake wanashindwa kufanya leo ambacho projekta itawawezesha. Alifikiri sana, kisha akasema hawajawahi kuona ziwa. Hilo lilikuwa jibu zuri. Tukaingia darasani kwake saa nne asubuhi, jua limejaa ukutani, dirisha halina pazia, na soketi ya pekee iliyokuwa mle ilikuwa imekufa tangu mvua za mwaka uliotangulia. Tukakubaliana kwamba kabla ya projekta anahitaji pazia zito na fundi wa umeme.

Ndivyo nilivyozunguka, mlango hadi mlango. Niliuliza pia wanachuo wakienda mazoezi ya kufundisha, kule Huruma na Mathare ambako madarasa mengi hayakuwa na umeme kabisa, watafanya nini na ujuzi waliopata kwa mashine ya kuchomeka ukutani. Niliuliza nani atanunua betri, nani atabadilisha ule mkanda mdogo wa mpira unaozungusha magurudumu ya kinasa sauti, maana mkanda huo ukilegea mashine yote ni mzigo tu. Walimu wengine walicheka. "Fundi anaoa," walisema, "anauliza hadi mahari ya mkanda wa mpira."

Wa mwisho kumwendea alikuwa mama aliyefundisha lugha na usomaji. Alikuwa amepita miaka hamsini, mzaliwa wa Murang'a, mkazi wa mtaa wa Bahati tangu kabla ya Uhuru. Wanachuo walimwita Madam. Mimi nilimwita Mama, naye aliniita Fundi kama wengine, au kijana wangu nikiwa nimemuudhi. Ukumbi mzima wa chuo ulikuwa ukimtambua kwa sauti. Haikuwa sauti kubwa. Alikuwa na namna yake ya kusomea watoto wa darasa la kwanza hadithi, na chuo kizima kilikuwa kikimtuma mbele kila wageni walipotaka kuona somo la mfano. Watoto wakipiga kelele, yeye hakupandisha sauti, aliishusha. Kadiri walivyozidi, ndivyo alivyozidi kushuka, mpaka darasa lote la watoto sitini na kitu, kila mmoja na lugha ya mama yake na Sheng' ya mtaa wake juu, likawa limeinama mbele kumsikiliza. Wanachuo wetu waliliona jambo hilo mara moja au mbili, kisha wakaenda mazoezini wakapayuka.

Nilimwuliza swali langu la kila siku.

"Wanashindwa kusikia mara ya pili," alisema.

"Vipi, Mama?"

"Picha unaitundika, inakaa. Ubao unauandika, unakaa. Sauti ikipita imepita. Namwambia msichana, sikia nilivyoingia hapa, na yeye ameshasahau. Nikirudia, sirudii vile vile. Nataka tepu. Niwasomee watoto, darasa zima, na maswali yao na vicheko vyao, halafu wanachuo wakae peke yao waisikilize hata mara kumi."

Niliandika. Halafu akafunga mlango wa darasa, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akaniambia kile alichokuwa hajamwambia mtu mwingine chuoni. Alikuwa na uvimbe kooni. Madaktari wa hospitali kuu walikuwa wamemchukua kipande, wakakipima, wakamwita. Wangempasua baada ya sikukuu za Pasaka, na katika kupasua wangeondoa mahali pale sauti inapotokea.

"Nitapumua hapa," alisema, akagusa chini ya koo kwa kidole, polepole, kama anayeonyesha kifungo cha blauzi. "Wanasema nitaishi. Lakini kusema, basi."

Nilifunga daftari. Yeye ndiye aliyelifungua tena.

"Usiniangalie hivyo, kijana wangu. Andika mpango wako vizuri. Masomo matatu yananitosha. La hadithi, la shairi na la mazungumzo. Hizo tepu zikija kabla ya Pasaka, nitawaachia kitu."

Kuanzia siku hiyo mpango ule haukuwa tena wa idara peke yake. Mbele ya wenzangu niliutetea kwa hoja za kawaida: vinasa sauti viwili vya betri na umeme, kanda, betri za akiba, mikanda ya mpira, kabati la kufungwa lisilopitisha vumbi, na mtu mmoja wa idara kupewa saa za kuvitunza na kuwafundisha wenziwe. Sikutaja koo la mtu. Alinikataza.

Siku za kungoja tulijaribu njia ya mkato. Jirani yangu wa mtaa wa Jericho, muuzaji wa sahani za muziki, alikuwa na tepu yake ya kupigia muziki vibandani. Aliniazima Jumapili moja, nikaibeba hadi Bahati. Mama alikuwa ameiandalia meza, ameondoa redio yake na kitambaa chake cha kufuma, ametandika kingine cheupe. Alisoma ukurasa mmoja wa hadithi ya sungura na fisi. Tuliposikiliza, sauti iliyotoka ilikuwa nzito na ya kuvuta, inapanda na kushuka yenyewe.

"Huyo ni nani?" aliuliza.

"Ni wewe, Mama. Mkanda umelegea."

"Huyo amelewa. Huyo ametoka kilabuni saa hii, anatafuta mlango."

Tulicheka mpaka akakohoa, na alipokohoa tukaacha kucheka. Alinimiminia chai. "Rudisha kabla hajaiulizia," alisema. "Za kwetu zinakuja, tena mpya. Sitaki wanachuo wanisikie nimelewa."

Na kweli zilikuja. Lori la serikali liliingia uani mwanzo wa muhula wa kwanza, likashusha makasha: projekta moja, mashine ya kudurufu, na vinasa sauti viwili vya rangi ya kijivu. Sina hakika kama niliwahi kufurahia mzigo wa mtu mwingine kiasi kile. Pasaka ilikuwa bado mbali. Nilichomoa bisibisi hapo hapo uani.

"Weka hiyo," mkuu wa chuo aliniambia. "Vitu havifunguliwi mpaka mgeni wa heshima aje."

Ambaye hakuishi wakati ule huenda asielewe, basi nieleze. Kitu kipya cha umma hakikuanza kazi kwa kufika. Kilianza kazi kwa kukabidhiwa. Lazima aje mkubwa, ziimbwe nyimbo, utepe ukatwe, makofi yapigwe, ndipo kitu kiguswe. Niliona tangi la maji limekaa muhula mzima limejaa, wanachuo wanapanga foleni kwenye bomba la nje, kwa sababu tangi lilikuwa halijafunguliwa rasmi. Na hatukuona ajabu, kwa sababu majumbani kwetu tuliishi hivyo hivyo. Nani katika Eastlands hakuwa na vikombe vya maua ndani ya kabati la kioo, vimelindwa miaka kwa ajili ya mgeni, huku wenye nyumba wakinywa chai kwa vikombe vya bati? Nani aliondoa karatasi ya nailoni juu ya kochi jipya? Kutumia kitu kabla ya mgeni kulionekana kama kula kabla ya mgeni. Ni adabu tuliyofundishwa tukiwa wadogo, na ni adabu nzuri pia. Sikatai.

Makasha yakapangwa ofisini kwa mkuu, ukutani, nyuma ya kiti chake. Mama alileta kitambaa kikubwa alichofuma mwenyewe, akayafunika yasiingie vumbi.

Tarehe ya mgeni ikawekwa, na ilikuwa kabla ya Pasaka. Nilipumua. Wanachuo walianza mazoezi ya nyimbo. Uani palichimbwa mashimo ya nguzo za hema. Mama alichagua darasa katika shule ya msingi ya jirani, akaenda kuwazoesha watoto wasiogope mashine. Nilikwenda naye siku moja. Mtoto mmoja wa mbele alimwuliza, "Madam, hiyo mashine itakumeza?"

"Itameza sauti tu."

"Na utabaki na gani?"

"Nitabaki na ya kukugombeza wewe," alisema, na darasa likacheka. Alinitazama juu ya vichwa vyao, akarudi kwenye kitabu.

Mgeni hakuja. Simu ilipigwa asubuhi ya siku yenyewe, hema limesimama, mbuzi amechinjwa. Alikuwa ameitwa kwingine. Siku mpya ikatajwa, wiki mbili mbele, siku chache kabla ya Mama kulazwa. Wanachuo wakala ile nyama bila nyimbo.

Jioni nilimwendea mkuu wa chuo nikamweleza yote. Mama alikuwa ameniruhusu kumwambia yeye peke yake. Mkuu alikuwa mtu mwema, aliyebakiza muda mfupi astaafu, na mwenye woga wa kawaida wa watu wa cheo chake, maana miaka ile mtu aliweza kuhamishiwa mbali sana kwa kosa dogo la heshima. Aligeuza kiti, akayatazama makasha chini ya kile kitambaa. Kisha akavuta droo, akaweka ufunguo wa ofisi mezani.

"Kesho nitakuwa wizarani mchana kutwa," alisema. "Fungua moja, tumia, ulirudishe lilivyokuwa. Gundi ya karatasi iko pale kwa karani. Mimi sijui lolote."

Nilikimbia na ule ufunguo hadi Bahati kama mtu anayepeleka dawa. Mama alikuwa akichagua mchele barazani. Nilimweleza. Hakuacha kuchagua.

"Na mgeni akija akute mashine imeguswa?"

"Hatajua."

"Watoto sitini watajua. Watoto hawanyamazi, Fundi. Watamwambia, sisi tumeshaiona hiyo. Halafu nani atasimama kujibu? Ni mkuu. Mtu amebakiza muda mfupi arudi kwake shambani, umpelekee fedheha?"

"Amekubali mwenyewe, Mama."

"Amekubali kwa huruma. Kitu cha huruma usikichukue chote." Aliupuliza mchele, makapi yakaruka. "Siku iliyowekwa bado iko kabla ya kulazwa kwangu. Nina sauti. Hii hapa, unaisikia. Tungoje, tufanye mambo kwa utaratibu. Nimewafundisha hawa vijana miaka yote kwamba mtu hangoji kwa sababu ni mjinga, anangoja kwa sababu ana wenzake."

Nilimsihi. Niliposisitiza mara ya tatu aliniita kijana wangu, nikajua mazungumzo yamekwisha. Asubuhi iliyofuata niliurudisha ufunguo. Mkuu wa chuo aliupokea bila kuuliza, na nadhani alishukuru, na nadhani pia aliona haya kwa kushukuru.

Madaktari walikuwa wamemwambia Mama kwamba sauti itakwaruza kidogo kidogo. Haikwenda hivyo. Ilikwaruza mwanzoni mwa wiki, na ilipofika Ijumaa ya wiki hiyo hiyo ilikuwa imekwisha. Alikuja darasani akaandika ubaoni, "Leo tutasoma kimya." Wanachuo walidhani ni mafua. Mmoja alimletea limau na asali ndani ya chupa ya jemu, na yeye akaipokea kwa mikono miwili, akaitikia kwa kichwa.

Siku ya mgeni ilikuwa nzuri, siwezi kusema vinginevyo. Alikuja kwa wakati, mtu mkunjufu, mwenye mzaha. Alikata utepe. Alifungua kasha la kwanza kwa mikono yake na akaomba aonyeshwe mashine inavyofanya kazi. Nikachomeka, nikamsogezea kipaza sauti, naye akasema hamjambo nyote, akatoa salamu za serikali, akahimiza walimu watunze mali ya umma. Nilirudisha kanda nikamsikilizisha. Aliposikia sauti yake alicheka kwa raha hasa, akamgeukia mkuu wa chuo, "Kumbe ndivyo ninavyosikika? Mbona hamkuniambia?" Watu wakapiga makofi. Mama alikuwa safu ya pili, amevaa gauni lake la kanisani, naye alipiga makofi kama wengine. Sauti ya kwanza kuingia katika mashine zetu ilikuwa hiyo, na ilikuwa safi, kila neno mahali pake. Mkanda wa mpira ulikuwa mpya.

Magari yalipoondoka tulichukua mashine moja tukaenda katika darasa lake, mimi na yeye. Watoto wa shule ya jirani hatukuwaita. Alifungua kitabu cha hadithi, akaniashiria nianze. Nilibonyeza. Alisoma. Mimi niliyekuwa karibu nilimsikia: ilikuwa pumzi yenye umbo la maneno, na ndani yake palikuwa bado na ile namna yake, pale anapongoja, pale anaposhuka. Nilitazama sindano ya mashine, ile inayoonyesha nguvu ya sauti. Ilikuwa ikitikisika kidogo tu, kama inayotaka kuamka. Nikasogeza kipaza sauti mpaka kikamgusa midomo. Alimaliza ukurasa mzima.

Tulisikiliza. Mashine ilitoa mvumo wa umeme, na chini ya mvumo kitu kama kitambaa kinachovutwa sakafuni. Akainamisha kichwa, akasikiliza hadi mwisho kama alivyosikiliza kazi za wanachuo, bila kuwakatiza. Kisha akaandika ubaoni neno moja: "Futa."

"Tuiache, Mama," nilisema. "Mimi nasikia. Wanaokujua watasikia."

Alitikisa kichwa, akaandika tena, mwandiko wake ule wa darasa la kwanza, mviringo na wima: "Si kwa wanaonijua. Ni kwa watakaojifunza. Hapo hakuna somo." Halafu, baada ya kufikiri, akaongeza: "Kanda ni za wanachuo."

Nimewahi kuulizwa na mke wangu kwa nini sikukataa, kwa nini sikuitia ile kanda mfukoni nikampa nyingine. Alikuwa mwalimu wangu kuliko alivyokuwa mwenzangu, na mbele yangu kulikuwa na kazi aliyoikataa kwa sababu haikufikia kiwango. Alipasuliwa wiki iliyofuata. Aliishi miaka kadhaa kwao Murang'a, alilima, alinitumia viazi kwa watu, na hakuna mwanachuo wa baada ya hapo aliyewahi kujua darasa lenye kelele linaweza kutulizwa vipi kwa kushuka. Tuliwaeleza. Kueleza hakukutosha, ndiyo maana aliitaka tepu.

Kufuta kanda kwa mashine zile ilikuwa ni kurekodi tena juu yake. Nilirudisha kanda mwanzo, nikabonyeza vitufe viwili pamoja. Tukakaa kimya pande mbili za meza ili tusiingize kitu. Nje, wanachuo walikuwa wakiangusha hema na kutaniana juu ya nyama iliyobaki. Mtu alipita barabarani akiuza makaa, akilitaja lile neno kila baada ya hatua chache, na sindano ikaruka juu kila alipolitaja. Mama aliitazama ikiruka. Yule mtu alipofika mbali sindano ikalala, naye akachukua kifutio, akaanza kufuta ubao.